Sura ya 7: Injini Iliyoshuka kutoka Kitale

Barabara ya A1 ikitoka Kitale hupanda kwanza hadi Kapenguria, ikateremka Kamatira, ikajipenyeza Ortum na Marich katikati ya milima ya Wapokot, kisha ikafunguka kwenye tambarare ya Kainuk. Kutoka hapo hadi Lodwar ni jua, mchanga na upepo. Kitale iko mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, Lodwar mita 500 hivi. Gari linapofika Nawoitorong, upande wa kusini wa Lodwar, pale akina mama walipojenga nyumba yao ya wageni, limesafiri karibu kilomita 300 na limeingia katika hewa ambayo mchana hufika nyuzi 35 na kuzidi, karibu mwaka mzima.

Naanza na barabara kwa sababu ndiyo inayoficha na kufichua makosa ya injini. Krenki ya gari la Turkana ikitaka kuchongwa, silinda zikitaka kupanuliwa, hedi ikitaka kunyooshwa, kazi hiyo kwa kawaida hupelekwa Kitale au Eldoret penye mashine. Injini hufungwa huko, huwashwa huko, husikilizwa kwenye ubaridi wa asubuhi, mwenye gari hulipa na kuondoka ameridhika. Kabla ya Lokichar, kati ya Kainuk na Lodwar, sindano ya joto imeshapanda. Au anafika Lodwar salama, kesho yake anaendelea hadi Kakuma, kilomita 120 hivi mbele, na huko ndiko anakogundua oili imepungua. Fundi wa Lodwar anakabidhiwa kazi ambayo hakuifanya, na mwenye gari ana swali moja tu: nirudi Kitale?

Injini iliyochoka huumwa kwa sababu vyuma vimelika. Injini iliyotoka kufungwa upya huumwa kwanza kwa sababu ya mikono: kitu kilichosahaulika, kilichogeuzwa, kilicholegezwa, au kilichorudishwa kichafu. Ndiyo maana utafutaji wake una mpangilio wake. Unafuata njia ya mikono kutoka mwisho kurudi mwanzo, kwa maana kilichofungwa mwisho ndicho kilicho nje na ndicho rahisi kukagua. Na unapima kabla ya kufungua. Hedi ikishang'olewa, ushahidi wote uliokuwa kwenye gasketi, kwenye maji na kwenye bolti umeshavurugwa, na gasketi mpya inabidi isafiri tena kilomita 300.

Nitatumia injini moja kuwa mfano, kwa sababu Turkana inaijua kuliko nyingine yoyote: 1HZ ya Toyota Land Cruiser. Ni dizeli ya silinda sita, ujazo wake ni sentimita za ujazo 4,164, haina turbo, na imekuwa ikitengenezwa tangu 1990. Operesheni ya Umoja wa Mataifa ya kupeleka chakula kusini mwa Sudan ilikuwa imeanza 1989 ikitumia Lokichoggio kuwa kituo chake, na kambi ya Kakuma ikafunguliwa 1992. Magari ya mashirika yaliyofuata yalikuwa Land Cruiser kwa wingi. Yakishachoka kwa mashirika huuzwa, hununuliwa na wafanyabiashara, yakafungwa viti na keria, na kuanza maisha ya pili. Ni katika maisha hayo ya pili ndipo injini hufunguliwa.

Kabla ya kugusa spana, uliza. Nini kilibadilishwa, nini kilichongwa, nini kilirudishwa kilekile? Mwambie mwenye gari akuletee risiti za vipuri na, ikiwezekana, vyuma vya zamani. Swali lenye uzito kuliko yote ni hili: injini ilifunguliwa kwa sababu gani? Ikiwa ilifunguliwa kwa sababu ilichemka, basi kilichoichemsha kinaweza kuwa bado kimekaa pale mbele, kimeoshwa kwa nje na kupakwa rangi. Watu hulipia pistoni, ringi, beringi na gasketi, halafu rediata ileile iliyoiua injini ya kwanza inafungwa kwenye injini ya pili. Nimeliona jambo hili mara nyingi kiasi kwamba siku hizi huanza na rediata hata mteja akija kulalamikia moshi.

Kuna hesabu ndogo ambayo kila dereva wa barabara hii anafaa kuijua. Rediata haitoi joto kwa nguvu zake yenyewe, hutoa kwa tofauti iliyopo kati ya maji yaliyo ndani na hewa inayopita nje. Maji yakiwa nyuzi 90 na asubuhi ya Kitale ikiwa nyuzi 15, tofauti ni 75. Maji hayohayo Lodwar saa nane mchana, hewa ikiwa nyuzi 37, tofauti ni 53. Rediata ileile, feni ileile, imepoteza karibu asilimia 30 ya uwezo wake. Iliyoziba robo ilifaulu mtihani wa Kitale vizuri kabisa. Isitoshe, kutoka Kamatira hadi Marich gari hushuka, injini haijabeba mzigo wa kweli. Mtihani huanza Kainuk, kwenye tambarare, mzigo ukiwa kamili na upepo ukiwa wa moto. Fundi wa Kitale aliyesema injini haikuchemka alisema kweli.

Sasa, inachemka lini? Jibu la swali hili hugawanya kazi vizuri kuliko kifaa chochote. Ikiwa inachemka ukiwa umesimama sokoni au unatambaa kwenye laga, yaani mto mkavu, lenye mchanga, na ukishika mwendo sindano inashuka, angalia hewa. Feni imefungwa kinyume? Mkanda umelegea? Kava ya plastiki inayozunguka feni ilirudishwa, au ilibaki kwenye kona ya gereji kwa sababu klipu zilikatika? Bila kava hiyo feni huvuta hewa kutoka pembeni na sehemu kubwa ya rediata haipati kitu. Kisha kuna kiunganishi cha feni chenye mafuta mazito ya silikoni ndani yake. Injini ikiwa moto na imezimwa, izungushe feni kwa mkono: ikizunguka kirahisi kama pangaboi, kiunganishi kimekufa.

Ikiwa inachemka ukiwa na mwendo na mzigo, angalia maji. Rediata imeziba ndani, paipu ya chini inafyonzwa na kubanwa, pampu ya maji imechoka, au termostati haipo. Hapa kuna desturi ya sehemu za joto ambayo nataka kuipinga waziwazi. Dereva atakuambia, "Boss, hiyo walitoa kabisa, walisema huku ni joto haina kazi." Termostati ya injini nyingi za Toyota ina kazi mbili. Inafungua njia ya kwenda kwenye rediata, na papo hapo upande wake wa pili unafunga njia ya mkato ambayo maji hupita injini ikiwa baridi. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi daima. Sehemu ya maji ya moto inazunguka na kurudi kwenye injini bila kuiona rediata. Ulichofanya ili kupoza kimepunguza upozaji. Nunua mpya, itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni, iangalie ikifunguka moto unapopanda, kisha ndiyo uifunge. Joto lake la kufungukia limeandikwa juu yake.

Kifuniko cha rediata nacho hudharauliwa kwa sababu ni kidogo. Maji ya wazi huchemka kwa nyuzi 94 hivi Kitale na 98 hivi Lodwar. Kifuniko kizima kilichoandikwa 0.9 kinashikilia shinikizo mpaka maji hayo yapite nyuzi 115 kabla ya kuchemka. Mpira wake ukikatika, umepoteza kinga hiyo yote, na injini isiyo na kosa lolote itatapika maji Lokichar. Kama kifuniko ni cha zamani, kibadilishe kabla ya kubishana na mtu.

Kisha maji yenyewe. Turkana ina maji mengi chini ya ardhi na tatizo la muda mrefu la chumvi. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba bonde la Lotikipi, kaskazini mwa Kakuma, lina hifadhi kubwa ya maji, na uchimbaji wa baadaye ukakuta ni ya chumvi. Ziwa Turkana lenyewe ni la magadi. Maji ya kisima yakichemshwa ndani ya injini siku baada ya siku huacha ukoko mweupe, sawa na ule unaouona ndani ya birika, na ukoko huo hukaa hasa pale penye moto mkali: kuzunguka valvu na vyumba vidogo vya kuwashia ndani ya hedi. Chuma kilichofunikwa ukoko hakipoi. Hapo ndipo hedi ya 1HZ hupasuka, kati ya valvu na kandokando ya vyumba vile. Kwa hiyo injini mpya ijazwe kuleanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi ya kusafishwa au ya mvua. Wengi huiita dawa ya baridi na kusema Lodwar hakuna baridi. Kazi yake huku ni kuzuia kutu na ukoko, na kusukuma kiwango cha kuchemka juu zaidi. Ukikwama njiani, weka maji yoyote yatakayokufikisha nyumbani, kisha uyamwage yote ukifika.

Na hewa. Injini iliyojazwa maji upya hubakiza hewa kwenye hedi na kwenye paipu za hita. Sindano inapanda ghafla, inashuka ghafla, huku paipu ya juu ya rediata ikiwa baridi mkononi. Egesha pua ya gari ikielekea juu, fungua kifuniko injini ikiwa baridi, washa hita ya ndani mwisho, acha injini iungurume taratibu huku ukiongeza maji. Viputo vitatoka, kisha vitaisha.

Visipoisha, umefika kwenye swali zito. Gesi ya silinda inaingia kwenye maji, kupitia gasketi au kupitia ufa. Kipimo chake hakihitaji fedha. Alfajiri, injini ikiwa imelala usiku kucha, funga kifuniko, washa, na ushike paipu ya juu ya rediata. Maji bado hayajapata moto wa kuivimbisha. Ikiwa ndani ya dakika moja au mbili imekuwa ngumu mkononi, hiyo ni gesi. Fungua kifuniko asubuhi nyingine, washa tena, ongeza mafuta kidogo: hewa iliyobaki hutoka mara moja na kuisha, gesi ya silinda hufuata mngurumo, ukiongeza inaongezeka. Ukitaka kujua ni silinda ipi, legeza nati ya paipu ya dizeli ya nozeli moja baada ya nyingine injini ikiunguruma taratibu. Silinda inayovuja ikinyimwa dizeli, viputo vinapungua. Funika nati kwa kitambaa na uweke mikono mbali, kwa kuwa dizeli ya shinikizo la nozeli hupenya ngozi na jeraha lake ni la kukimbiza hospitalini hata likionekana tundu dogo tu. Na rediata ya moto isifunguliwe kamwe. Naliandika hili nikijua kila msomaji ameshaambiwa, na bado wodi hupokea watu walioungua nyuso.

Tuje kwenye moshi. Kitale asubuhi kila bomba la ekzosi hutoa weupe, na weupe huo ni mvuke tu uliogeuka matone kwa ubaridi. Lodwar hewa ni kavu na ya moto, mvuke wa kawaida hauonekani. Kwa hiyo weupe unaouona Lodwar mchana, injini ikiwa imepata moto, una maana. Ukiwasha macho na kunuka dizeli, ni dizeli isiyoungua. Ukinuka utamu na maji yanapungua, ni kuleanti inayochomwa.

Dizeli isiyoungua kwenye injini iliyotoka kufungwa humwelekeza fundi kwenye taimingi. Mkanda wa 1HZ ndio unaozungusha kemshafti, na kuna alama za kulinganisha. Jino moja likirukwa, injini bado inaweza kuwaka, lakini kwa shida, kwa moshi, na bila nguvu. Ukikuta mambo hayo matatu pamoja, toa kava ya mkanda uangalie alama kabla ya kuwaza kitu kingine, na zungusha krenki kwa mkono, mizunguko miwili kamili, ili uone alama zinarudi mahali pake. Ukihisi kizuizi kigumu, simama hapo hapo. Ni pistoni inayogusa valvu, na stata ingeipinda.

Alama zikiwa sawa, kuna pampu yenyewe. Mwili wake huzunguka kidogo kwenye bolti zake, na nafasi hiyo ndiyo inayoamua dizeli ipulizwe mapema au ichelewe. Mapema mno, injini inagonga kwa ukali, hasa ikibebeshwa mzigo, na joto linapanda. Ikichelewa, inapoa sauti, inatoa weupe, na gari halina mwendo. Pampu iliyotolewa na kurudishwa bila kuwekewa alama na patasi ni chanzo cha nusu ya lawama zinazotupiwa pistoni mpya. Kadirio hilo ni langu, na ninalisimamia.

Moshi mweusi husema dizeli ni nyingi au hewa ni kidogo. Angalia kichujio cha hewa na paipu zake, kisha nozeli. Na hapa niongeze jambo ambalo Turkana halisameheki. Baada ya injini kufungwa, klampu ya paipu kubwa inayotoka kwenye kichujio cha hewa hukazwa mwisho, jioni, fundi akiwa amechoka. Ikibaki imelegea, injini itavuta vumbi laini la Lodwar bila kuchujwa, na ringi mpya hulika kabla gari halijamaliza kilomita elfu chache. Vua paipu hiyo, pitisha kidole kilichopakwa grisi ndani yake. Kidole kikitoka na mchanga, umepata ugonjwa, na unaomba Mungu uwe umewahi.

Bluu ni oili. Kwa injini mpya bluu kidogo siku za mwanzo si ajabu, ringi bado hazijakaa. Nitarudi kwenye ringi.

Kukataa kuwaka kabisa kwa kawaida ni jambo dogo. Injini ilifunguliwa, paipu za dizeli zilikauka, hewa imekaa ndani. Pampu ya mkono iliyo juu ya kichujio cha dizeli ipigwe mpaka iwe ngumu, kisha nati za nozeli zilegezwe mpaka dizeli itoke bila mapovu. Stata ikizunguka polepole na betri ni nzima, tafuta waya mnene unaounganisha injini na bodi ili umeme urudi kwenye betri. Huu husahaulika sana. Ukikosekana, umeme hutafuta njia nyingine kupitia kebo na vyuma vidogo, na geji za dashibodi hudanganya: mtu anaambiwa injini imechemka wakati maji ni nyuzi 85. Ndiyo maana kipimajoto cha miale, kile cha kuelekeza na kubonyeza, kinastahili nafasi katika kila gereji ya Lodwar. Elekeza kwenye nyumba ya termostati ulinganishe na geji, utajua nani mkweli.

Kosa likiwa la dizeli yenyewe, hakuna mkono wa fundi uliohusika. Mbali na pampu za kituo, dizeli husafiri kwa mapipa na mitungi, ikachukua maji na uchafu. Kuna pia suala la mafuta ya taa. Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa Septemba 2018 kwa sababu yalikuwa yakichanganywa kwenye dizeli kwa wingi. Pampu ya 1HZ haina oili yake, hulainishwa na dizeli inayopita ndani yake, na mafuta ya taa hayalainishi ipasavyo. Pampu iliyotengenezwa upya kwa gharama kubwa inaweza kuharibiwa na matangi machache ya mchanganyiko huo. Toa maji chini ya kichujio, kinga dizeli kwenye chupa ya kioo, iache itulie, itazame.

Sasa sauti, na hapa uso wa fundi huwa mzito kwa haki. Mlio wa kugonga wa chini, mzito, unaoongezeka ukibonyeza mafuta, ni beringi. Mlio wa juu, mwepesi, wa haraka, ni valvu. Nafasi za valvu za 1HZ hupangwa kwa shimu, na hedi iliyochongwa bila nafasi hizo kupimwa upya italia, au vibaya zaidi haitalia kabisa kwa sababu nafasi imeisha na valvu hazifungi. Valvu kimya mno kwenye injini isiyo na nguvu ni dalili mbaya kuliko valvu zenye kelele. Mlio mkali wa kugonga wa katikati unaotokea kwa silinda moja, na kupungua ukilegeza nati ya nozeli yake, unaweza kuwa nozeli. Unaweza pia kuwa pistoni inayofikia hedi. Bloku ikipunguzwa juu, pistoni hutokeza zaidi, ndiyo sababu gasketi ya hedi ya injini hii hutolewa kwa unene tofauti na pistoni hupimwa kabla ya kuchagua. Waliopima hukumbuka namba. Mpigie fundi wa Kitale umuulize.

Kabla ya yote, shinikizo la oili, na lipimwe kwa geji ya mkono iliyofungwa mahali pa swichi, injini ikiwa baridi na tena ikiwa moto. Taa ya dashibodi haitoshi. Injini mpya isiwashwe kwa mara ya kwanza ikiwa kavu: tenganisha waya wa kukata dizeli kwenye pampu, zungusha stata kwa vipindi vifupi mpaka geji inyanyuke, ndipo uunganishe waya na uwashe. Beringi zinazozunguka kavu kwa sekunde chache za mwanzo hubeba alama hizo maisha yao yote.

Ringi, kama nilivyoahidi. Silinda iliyochongwa vizuri huachwa na mikwaruzo myembamba inayokatizana, na inaachwa hivyo makusudi. Ringi husukumwa kwenye ukuta wa silinda na shinikizo la moto wenyewe, zikasuguana na mikwaruzo hiyo, zikakaa. Kazi hiyo inafanyika mwanzoni, halafu nafasi inapita. Injini ikiachwa iungurume bila mzigo kwa saa nyingi, shinikizo halitoshi, oili inaungua kwenye ukuta wa silinda na kuupaka utando unaong'aa kama kioo, na ringi hazitakaa tena. Itakula oili daima, na dawa yake ni kuifungua upya.

Huku kwetu hatari hii ni kubwa. Dereva wa ofisi anamsubiri mkubwa wake Kakuma, nje ni nyuzi 38, eyakondishena iko wazi, injini inaunguruma tangu saa nne hadi saa saba. Anadhani anaitunza injini mpya kwa kuipumzisha, na hakuna aliyemwambia vinginevyo. Ningependa kila anayekabidhi injini mpya amweleze dereva mbele ya mwenye gari: ukiwasha, subiri oili ipande, ondoka. Ibebeshe mzigo wa wastani. Usiikimbize, usiibembeleze. Barabara ya Lodwar–Kakuma ni tambarare, mguu hulala mahali pamoja, kwa hiyo badilisha mwendo kwa makusudi, 60, 80, uachie, urudie. Kwenye mchanga wa laga tumia gia ndogo mapema, usiilazimishe injini kuvuta kwa gia kubwa huku ikitetemeka.

Mwaga oili ya kwanza ikifika kilomita 500 au 1,000, na usitupe kichujio. Kikate, tandaza karatasi yake juani. Unga mwembamba wa kijivu ni wa kawaida. Pitisha sumaku: vinavyonata ni chuma, vya kung'aa visivyonata ni alumini ya pistoni, na vyenye rangi ya shaba ni beringi iliyofika kwenye tabaka lake la chini. Ukiona vya shaba, gari lisitembee.

Don Bosco hufundisha umakanika Kakuma, na vijana kutoka Sudan Kusini, Kongo, Burundi, Somalia na Waturkana wenyewe hushika spana pamoja. Natamani kila mmoja wao apewe daftari kabla ya kupewa nyundo. Swali la mwenye gari, nirudi Kitale au nisirudi, hujibiwa na daftari. Shinikizo la oili likiwa chini injini ikiwa moto kwa geji ya mkono, ni Kitale. Gesi kwenye maji ikithibitishwa kwa paipu na kwa viputo, hedi ing'olewe, na mara nyingi ni Kitale. Kompresheni ipimwe silinda zote sita, hita plagi zikiwa zimetolewa na betri ikiwa imejaa: kinachosema ni tofauti kati ya silinda kuliko namba yenyewe. Iliyo chini peke yake, itie kijiko kidogo kimoja cha oili upime tena. Ikipanda ni ringi, isipopanda ni valvu au gasketi. Mengine yote niliyoyataja, kuanzia kifuniko cha rediata hadi taimingi ya pampu, yanamalizwa Lodwar.

Na ukirudi, usirudi na maneno "injini ni mbaya". Mpigie fundi kabla hujaweka gari barabarani. Mwambie silinda tano zimesoma 30, ya nne imesoma 21, imepanda hadi 28 kwa oili, paipu ya juu ni laini alfajiri, kichujio hakina shaba. Mtumie picha ya karatasi ya kichujio. Kwa namba hizo atajua kwamba ni ringi za silinda moja, ataagiza seti moja kutoka Eldoret leo, na kazi yenyewe anaweza kukubali ifanyike Lodwar, yeye akiwa kwenye simu na mwenzake akiwa chini ya gari.